Misingi ya Singizionomia: Mguu wa Mwanafunzi wa Buyenzi Kabla na Baada ya Kengele

Mwanafunzi, kaa wima. Singizionomia ni taaluma ichunguzayo jinsi kiungo cha mwili kinavyougua kwa ratiba. Binadamu amepoteza karne nyingi akichunguza nyota, ambazo hazijawahi kuomba ruhusa ya kukaa kivulini.

Fasili. Mguu-Darasa ni mguu wa kulia wa kijana wa Buyenzi, Bujumbura, wakati wa kipindi cha mazoezi: mzito, una maumivu, hauna uvimbe. Mguu-Mtaa ni mguu huohuo saa kumi jioni, kwenye vumbi la avenyu, nyuma ya gereji, ukipiga chenga watu watatu. Wasiosoma husema ni mguu mmoja. Usiwe miongoni mwao.

Aina ya I ya wasingiziaji, Mshikatumbo. Haina hadhi ya kitaaluma, tusonge.

Aina ya II, Msahauraba, ndiyo lulu yetu. Tofautisha Msahauraba Mfichaji, ambaye raba zimo begini chini ya madaftari, na Msahauraba Mwazimishaji, ambaye raba zimeshaingia uwanjani miguuni mwa mwenzake. Huyu wa pili amenikosesha usingizi: raba zake zinapata alama, yeye anapata sifuri. Jioni wote wawili hucheza pekupeku, hivyo raba si hoja tena, ni pambo.

Aina ya III, Mfungakamba, huhudhuria vizuri kabisa, ila ameinama. Vénuste Niyongabo alipoiletea Burundi dhahabu ya mita 5,000 kule Atlanta mwaka 1996, alitumia dakika 13 na sekunde 7.96. Kwa muda huo Mfungakamba hajamaliza kiatu cha kushoto. Na usiniletee habari kwamba Niyongabo alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500. Huko ni kuachia mbio, si kuzikwepa. Anayechanganya hayo mawili arudie mwaka.

Sasa chanzo, yaani usingizio-asili. Darasani mpira ni mmoja, foleni ni ndefu, na mwisho wa foleni kuna mwalimu mwenye kalamu. Mtaani goli ni mawe mawili na sheria ni moja: anayefungwa anatoka. Kijana asiyeweza kusimama dakika tano shuleni bila kuteguka, hapo atasimama saa nzima akigombea zamu, na ukimwambia apumzike atakuona mchawi.

Aina ya IV, Mwenyempira, hupindua kanuni zote. Darasani ni Mshikatumbo wa kawaida. Mtaani hupanga timu zote mbili, hatolewi hata akifungwa kumi, na ndiye pekee anayeruhusiwa udhuru. Mama yake akimwita akanunue mafuta ya mawese, yeye hukwapua mpira, na papo hapo vijana wote hulegea viungo.

Swali la mtihani: ugonjwa huo ni wa mmoja, au unaambukiza? Jibu kwa mchoro.