Namba Nane Ana Miguu

Mwaka 2002 Oakland, timu ya besiboli ya Marekani iliyosajili kwa hesabu badala ya umbo la mchezaji, ilishinda mechi 20 mfululizo. Habari hiyo bado iko njiani kuja Migori.

Juzi uwanjani kijana mmoja alifungua laptopu yenye jedwali la pasi. Mzee wa pembeni yangu, mua mkononi, hata hakugeuka.

"Yule namba nane. Ona miguu hiyo. Na babu yake alicheza."

"Lakini mzee, pasi zake..."

"Kijana wangu, wewe babu yake ulimwona?"

Usajili ukaishia hapo. Namba nane akapewa mpira mara tatu, mara mbili akaupeleka kwenye mahindi ya watu. Mzee akalaumu mteremko. Kweli, jedwali halikuwa na safu ya mteremko, wala ya ng'ombe aliyekatiza wakati wa kona. Halafu chaji ikaisha.

Mshambuliaji wa Kenya Michael Olunga alipofunga mabao 28 katika ligi ya Japani mwaka 2020, nilikutana Homa Bay na wazee wanne, kila mmoja ndiye aliyemgundua. Hakuna aliyekuwa ameandika popote.