Namna ya Kumnunulia Mtoto Sungura Ukabaki na Kazi

Mtoto wako ana miaka minne, na tangu amwone sungura kwa jirani hapa Kanazi, hali matoke mpaka aahidiwe wake. Usihangaike, waitu. Fuata hatua hizi.

1. Mwamini muuzaji. Akiapa kwamba sungura wawili anaokuuzia wote ni majike, lipa bila kuwageuza ukawakagua. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Ukija kushtuka, bandani kuna vitoto sita au wanane, havina manyoya wala havijafumbua macho, na mwanao anataka kuvibeba vyote.

2. Mwache ambebe kwa masikio. Sungura hapendi kunyanyuliwa. Porini anayemnyanyua ni mwewe. Atafurukuta kwa miguu ya nyuma yenye nguvu kuushinda uti wake wa mgongo, na teke moja baya laweza kuuvunja. Mikwaruzo ya mwanao itapona. Mgongo wa sungura haurudi.

3. Banda liweke chini kabisa, katikati ya migomba, siafu wasipate taabu ya kupanda. Waoga hujenga banda la mabanzi lenye miguu mirefu, kila mguu ukatumbukizwa kwenye kopo la oili chafu. Na mvua za Bukoba zikishika, mpe majani yanayochuruzika maji. Mambo ya kuyanyausha kwanza waachie wafugaji.

4. Gawa kazi. Kuchuma kishona nguo na matembele: mtoto. Kufagia mavi: mtoto. Wiki haijaisha, aliyeinama kibanjani alfajiri, suruali imelowa umande, ni wewe. Zoea tu. Sungura akitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Mwanao atafika sekondari, na wewe bado unachuma.

5. Mruhusu ampe jina, tuseme Furaha, halafu Krismasi wakaribishe wajomba.

"Tata, Furaha yuko wapi?"

"Amesafiri, amekwenda Muleba."

"Mbona ngozi ameiacha?"

Hapo hakuna mwongozo utakaokuokoa.

Sasa tuache utani. Mtoto mdogo na sungura wanaweza kupatana, ila mfugaji awe mtu mzima. Mtoto akae chini, sungura amfuate mwenyewe, ampapase mgongoni bila kumwinua. Dume na jike watengwe. Na kabla ya kununua, nyumba iamue kama huyu ni rafiki au kitoweo, maana mtoto hawezi kubadilishiwa jibu mezani. Faida ya hakika ni mbolea: mavi yake migomba inayapenda.

Kama huna nafasi ya kuchuma majani kila siku, kwa miaka kumi, mnunulie mtoto mpira.