Neno Lisilobisha Hodi

Kuna ugonjwa unaowashika wasomaji wa fasihi ya Kiingereza, hasa mtihani unapokaribia: ugonjwa wa kukusanya maneno makubwa. Mgonjwa utamtambua kwa daftari lake. Kapiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto kaandika "sesquipedalian", kulia maana yake. Chini yake "perspicacious", na chini zaidi neno ambalo hata Mwingereza akilisikia atageuka kutazama nani kapiga chafya. Kila asubuhi anameza kumi kama vidonge vya malaria, jioni anafungua riwaya aone kama homa imeshuka. Haijashuka. Yale kumi hayamo hata kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe, uliojaa maneno anayoyajua tangu shule ya msingi, umemshinda. Hoja yangu ina sura ya mzaha lakini naishikilia: katika kusoma fasihi ya Kiingereza, maneno magumu ndiyo mepesi, na mepesi ndiyo magumu. Neno gumu lina adabu. Linabisha hodi, linasubiri mlangoni na mizigo yake, nawe unajua ni mgeni, unaiita kamusi ije imtambulishe. Neno jepesi halibishi. Linapita moja kwa moja hadi jikoni, linafunua sufuria, nawe unalisogezea kiti kwa kuwa sura yake unaifahamu. Kumbe siye; ni babu yake.

Chukua Juliet wa Shakespeare pale juu roshani. Anatamka "wherefore", na kwa kuwa ndani ya neno hilo mna "where", vizazi kwa vizazi vya waigizaji wa shule vimeweka kiganja juu ya paji la uso na kuchungulia gizani kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekata kamba. Lakini "wherefore" ni "kwa nini". Binti hamtafuti mtu; analalamika kwa nini kijana huyo awe Romeo, mtoto wa ukoo ulio adui wa ukoo wao. Romeo mwenyewe yuko palepale chini bustanini, anasikia kila kitu. Hamlet naye, wenzake wanapomshika asiufuate mzimu wa baba yake, anatishia kumuua yeyote atakayemfanyia kitendo cha "let". Msomaji wa leo anajua "let" ni kuruhusu, basi anamwona mwana wa mfalme akitaka kumchinja mtu atakayempisha. Zamani palikuwa na "let" ya pili, yenye maana ya kuzuia. Herufi tatu tu, na mtu mwenye hasira ya haki anageuka mwendawazimu.

Anayedhani shida hii ni ya Shakespeare peke yake na aje kwa Jane Austen, ambaye Kiingereza chake kinaonekana laini kama uji wa mgonjwa. Katika Pride and Prejudice, riwaya ya mwaka 1813, kasisi Collins hachoki kumsifu mfadhili wake, Lady Catherine, kwa "condescension" yake. Mwanafunzi anafungua kamusi ya simu, anaambiwa ni tabia ya kuwatazama watu kwa dharau, anaandika pembeni: Collins anamtukana bibi huyu. Sivyo. Wakati ule neno hilo lilikuwa sifa: mkubwa kujishusha kwa hisani hadi kwa mdogo. Collins anashukuru kwa moyo wake wote, kama mtu aliyepewa mkono na waziri na sasa hataki kuunawa. Hata hivyo, tukiishia hapo tumepata maana na kukosa kicheko, kwa sababu Austen anatuonyesha kwamba bibi huyo hajishushi hata ngazi moja. Anaingilia mambo ya kila nyumba hadi namna watu wanavyopanga vitu vyao. Ili ucheke unahitaji maana ya Collins mkono mmoja na dharau iliyojificha nyuma yake mkono wa pili. Na sentensi ya kwanza kabisa ya riwaya hiyo imejengwa juu ya neno la chekechea, "want". Msomaji wa haraka anaona kijana tajiri anayetaka mke. Maana ya pale ni kupungukiwa: kijana huyo, atake asitake, amekwisha kuhukumiwa na majirani wenye mabinti kwamba nyumba yake ina upungufu. Asiyejua "want" ya zamani anaukosa umbea wote wa mtaa ule, na umbea ule ndio riwaya yenyewe.

Maneno haya hayakubadilika kwa ushirikina; waliyageuza watu kwa tabia zao. "Presently" kwa Shakespeare ilikuwa papo hapo. Watu wakawa wanaitikia "presently" huku wakiendelea kukaa, hadi neno likachoka kudanganyiwa, likakubali kumaanisha baadaye kidogo. "Anon" ilipitia njia hiyohiyo. Hata "soon", mzizi wake wa kale ulikuwa mara moja, bila kukawia. Mswahili hahitaji profesa kumweleza jambo hili. Mtu akikupigia simu kwamba anafika sasa hivi, unajua wazi kuwa bado anatafuta ndala aende bafuni. "Nice" nayo ilitoka kwenye Kilatini ikiwa na maana ya asiyejua, ikaingia Kiingereza ikiwa mjinga, ikapanda kuwa mteuzi wa kupita kiasi, ikawa makini, hatimaye ikawa uzuri usio na chumvi unaomwagwa juu ya kila kitu. Katika Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, Austen anamfanya Henry Tilney amtanie msichana kwa kulibandika neno hilo popote. Anayesifiwa "nice" ndani ya kitabu cha kale asitabasamu kabla hajaangalia tarehe.

Najua pingamizi la kwanza limekwisha kunyoosha kidole: bila maneno mengi husomi chochote. Kweli tupu. Mtafiti Paul Nation, katika makala ya mwaka 2006, alikadiria kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno, yaani neno pamoja na wanawe kama "want" na "wanted", zipatazo 8,000 hadi 9,000, ili asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yako yawe unayajua. Asilimia 2 iliyobaki si mzaha: ni neno moja katika kila hamsini, yaani sita kwenye ukurasa wa maneno 300. Kwa mwendo wa kumi kwa siku, familia 9,000 ni siku 900, karibu miaka miwili na nusu bila sikukuu wala msiba. Basi daftari silichomi moto. Ninachosema ni kwamba hesabu hiyo huhesabu vichwa tu, haiulizi kila kichwa kina nini. "Want" na "let" unazihesabu katika mia za mwanzo kabisa, unazipiga alama ya vema, huzirudii tena. Kwenye mizani ya namba unazo. Mbele ya Hamlet hunazo. Zaidi ya hapo, lile neno moja katika hamsini linajulikana kuwa halijulikani. Shimo lenye kibao si la kuogopa sana.

Pingamizi la pili ni la mtu wa vitendo: maneno makubwa yanapendeza kwenye usaili, na wasahihishaji wengine huyapenda. Sikatai. Hiyo ni nguo ya harusi, haikufumwa kwa ajili ya kulimia, na hata harusini ina hatari zake. Tangu daktari Peter Mark Roget alipotoa kitabu chake cha visawe mwaka 1852, watu wamekuwa wakichota humo maneno bila kuuliza tabia zake. Fikiria mwandaa hotuba ya kumuaga mwalimu mkuu. Anaona "famous" limechakaa, anatafuta kisawe, anapewa "notorious". Siku ya sherehe mzee wa watu, mbele ya mkewe, wajukuu na mgeni rasmi, anaagwa kwa sifa wanayopewa majambazi sugu. Mwingine anataka kusema bibi harusi ni mwembamba wa kupendeza, anaacha "slender" anachukua "skinny", na bibi harusi amekonda kama ng'onda mbele ya wakwe. Richard Sheridan alilijua soko hili mapema; katika tamthilia yake The Rivals ya mwaka 1775 alimweka Bi Malaprop, mpenda maneno mazito anayeokota siku zote lile la jirani, na jina la mama huyo likawa ndilo jina la kosa lenyewe. Mwaka 1946 George Orwell alishauri kwamba neno fupi likitosha, refu liachwe. Hakuwa akiwahurumia wavivu. Alikuwa akituonya kwamba neno kubwa ni mahali pazuri pa kujificha kwa mtu asiye na la kusema.

La tatu lina uchungu zaidi: maana zilizozikwa Uingereza zinatuhusu nini sisi? Nadhani zinatuhusu kwa sababu mchezo huu tunaucheza nyumbani. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri The Merchant of Venice, mwaka 1969 tamthilia ikatoka kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kijana wa leo akisoma jina hilo anamwona mnyonyaji wa kibonzo, tumbo mbele na sigara mdomoni. Ila bepari, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, awali lilikuwa mfanyabiashara tu. Siasa ndiyo iliyomnenepesha. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, jina moja likabeba duka la zamani na hukumu mpya kwa pamoja. Anayeijua maana moja tu kati ya hizo amelisoma jalada nusu, na hapo hajatoka nje ya Kiswahili.

Daftari basi libaki, libadilishwe kazi. Upande wa kushoto liandikwe neno unalolijua vizuri, pamoja na sentensi nzima ulimolikuta likijifanya kitu kingine. Na dalili yake ni rahisi kuikumbuka: mhusika akionekana ghafla amerukwa na akili, anachungulia mtu aliye chini ya miguu yake, anataka kumuua anayempisha, anamtukana mfadhili wake kwa machozi ya shukrani, usimshtaki mwandishi, kagua neno dogo lililo karibu. Maelezo ya chini ya ukurasa yamewekwa kwa kazi hiyo, na tunayaruka kama maji ya mvua. Palipo na maktaba nzuri ipo Oxford English Dictionary, iliyoanza kutoka vipande vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, ambayo huorodhesha maana za neno kwa umri, babu kwanza, mjukuu mwisho. Ifungue utafute "nice" na uache "sesquipedalian" isubiri mlangoni, imezoea. Ukiulizwa utaanza lini ukajibu "presently", taja na karne.