Senene Ndani ya Picha

Mabishano ya wapiga picha wa Nikon na wa Canon ni ya Simba na Yanga tu: kila mtu alishachagua upande zamani, ushahidi anautafuta baadaye. Mimi nina Nikon D3S ya mtumba, toleo la 2009, pikseli milioni 12. Jamaa ninayegawana naye kazi za harusi hapa Bukoba ana Canon 5D Mark II ya 2008, pikseli milioni 21. Hizo milioni 9 za ziada amezitaja mpaka mama mkwe wake anazijua.

Ubishi ulipata hakimu kule Kibeta, hapa hapa Bukoba, mwezi Novemba, kwenye sherehe ya kumuaga binti. Umeme ulikatika bibi harusi ameshika kisu cha keki. Jenereta lilikuwepo, ila mwenye ufunguo wa stoo alikuwa amefuata rubisi, pombe yetu ya ndizi. MC akaomba watu wawashe tochi za simu. Jamaa akapandisha ISO, kipimo cha kamera kukuza mwanga, hadi 6,400, mwisho wa kawaida wa kamera yake. Mimi nikaenda 12,800. Lenzi yake ya f/4 ikahangaika mbele na nyuma ikitafuta pa kushika, ikashika nguzo ya turubai. Yangu ilikuwa milimita 50 ya f/1.8, kiplastiki ambacho yeye hukiita kifuniko cha chai. Kifuniko hicho kinapitisha mwanga karibu mara tano ya lenzi yake.

Msamaria mwema akatuwashia taa za gari. Taa zikaita senene, panzi wanaoliwa huku kwetu. Mwenyeji wa Kagera hahitaji kusimuliwa kilichofuata: meza kuu ilibaki na bibi harusi na keki, mashangazi wote wako kwenye taa wanakusanya kitoweo kwa vitenge vya sare.

Kesho yake tukafungua picha kwenye kompyuta, mama wa binti yuko katikati yetu. Giza likizidi, kamera hukuza kile kidogo ilichopata pamoja na takataka zake, na takataka hizo ndizo noizi. Kwenye picha za Canon, suti nyeusi ya baba mkubwa ilikuwa imejaa vidoa vyekundu na kijani. Mama akavaa miwani, akagusa skrini.

"Waitu, wa kijani nawajua. Hawa wekundu nao ni senene?"

"Ndiyo, mama," jamaa akajibu, bila kupepesa.

Zangu zilikuwa na vidoa vichache, lakini programu ya kuvisafisha ilipita na makunyanzi ya babu pia. Mzee akatoka kijana wa miaka thelathini. Bibi akaagiza nakala ya ukutani.

Haki isemwe. Tulipozichapa zote kwa saizi ya albamu, noizi ya Canon ilififia sana, maana pikseli nyingi zikibanwa kwenye karatasi ndogo vidoa humezana. Picha ya nguzo ya turubai haikusaidiwa na karatasi yoyote. Kwa hiyo usiku ule kilichoshinda ni lenzi zaidi ya jina la kamera, ingawa mbele ya jamaa nasema ni Nikon.

Sasa anaweka akiba anunue Sony A7S, ya 2014, inayofika ISO 409,600. Namshauri aanze na kifuniko cha chai. Nawe unayepanga sherehe Kibeta mwezi Novemba, ufunguo wa stoo ya jenereta mpe mtu asiyekunywa rubisi.