Barua ya wazi kwa Tume ya Taifa ya Mipango kuhusu njemke

Ngonga, Kyela.

Kwa Tume ya Taifa ya Mipango,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU NJEMKE YA SERIKALI

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha barua hapo juu. Inawezekana njemke haijafika Dodoma, angalau si kwa jina hilo, kwa hiyo nianze na maelezo. Huku Kyela njemke ni kakao mbichi, inayouzwa ikiwa bado na utelezi wake, kabla haijavundikwa wala kuanikwa. Kakao ya kweli hukaa siku tano hadi saba sandukuni ikiwa imefunikwa majani ya mgomba, kisha hutandazwa juani mpaka ikauke, ndipo ipelekwe ghalani, ipimwe, ipewe stakabadhi na kusubiri mnada. Anayeuza njemke hakosi akili. Anakosa wiki mbili tu za kusubiri, na mchuuzi mwenye ndoo anazijua wiki hizo mbili zina thamani gani. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo kwa hoja ambazo sina ubishi nazo: inampunja mkulima, inaharibu sifa ya kakao yetu sokoni, na inamrahisishia mwizi wa shambani, maana mali mbichi haiulizwi imetoka wapi. Ninachoomba ni kwamba marufuku hiyo isiishie mashambani. Ipande gari, ipite Tukuyu na Uyole, ifike mpaka huko mliko, kwa sababu wauzaji wakubwa wa mali mbichi nchini hawalimi kakao.

Kwanza nawapongeza kwa Dira ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025. Imetuahidi uchumi wa dola trilioni 1 na wastani wa dola 7,000 kwa kila Mtanzania kwa mwaka. Ni tarakimu zinazopendeza, hasa kwa mtu anayekumbuka kwamba iliyotangulia, Dira 2025, ilitulenga dola 3,000, na mwaka wenyewe ukaingia tukiwa hatujafika hata nusu. Kabla ya hapo Mpango wa kwanza wa miaka mitano wa 1964 ulikuwa umeelekeza macho 1980 na kutarajia pauni 45 kwa kila mtu. Hatuna upungufu wa kuona mbali, basi. Taifa hili limekuwa na darubini tangu uhuru. Tatizo ni kwamba anayeshika darubini na anayeshika jembe hawajawahi kuwa mtu mmoja, na kila baada ya muda mfupi wote wawili wanahamishwa. Ninyi wenyewe ni mashahidi: mliundwa kwa sheria ya 1989, baadaye mkamezwa na Wizara ya Fedha, kisha sheria ya 2023 ikawatapika mkiwa hai. Chombo cha kulifikiria taifa kwa miaka 25 hakikuwa na uhakika wa kumaliza mitano.

Tuanze na kalenda, maana ndipo ubichi unapoanzia. Mwaka wa fedha wa Serikali hufunguliwa tarehe 1 Julai. Kwa bahati njema, Julai huku ni kiangazi: udongo ni mkavu, mito imetulia, greda linapita popote. Laiti fedha nazo zingekuwa tayari. Lakini bajeti iliyopitishwa Juni husubiri kugawiwa, zabuni hutangazwa, hufunguliwa, hukatiwa rufaa, na mkandarasi anapopata barua yake, Novemba imeshabisha hodi pamoja na mvua. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kilele chake ni kati ya Machi na Mei, yaani miezi ileile ambayo ofisi zote nchini hukimbizana kumaliza fedha kabla ya Juni zisije zikarudi Hazina. Kwa hiyo kifusi humwagwa tope linapokuwa limekomaa. Hakuna aliyeiba hapo, wala sihitaji kumtuhumu mtu. Ni saa mbili zisizolingana, moja ya Hazina na nyingine ya mawingu, na kila mwaka tunashangaa kwa nini mawingu hayafuati waraka.

Mwaka 2021 Serikali ilitoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo kwa ajili ya barabara za vijijini. Kila jimbo, bila upendeleo. Dodoma yenye milimita zisizofika 600 ikapata sawa na Kyela. Huo ni usawa wa mtu anayegawa miavuli kwa kuhesabu vichwa bila kutazama nani amesimama nje. Nakiri kwamba fedha hizo zilikuwa bora kuliko kukosa, na ndiyo maana tulipiga makofi. Ila mgawo wa aina hiyo una faida moja kubwa ya kisiasa: unatamkika jukwaani kwa sentensi moja. Mgawo unaofuata mteremko wa maji, aina ya udongo na idadi ya makalvati hautamkiki hivyo. Na sijawahi kusikia popote utepe ukikatwa kwa ajili ya kalvati lililozibuliwa. Utepe hukatwa kwenye kitu kipya. Kwa hesabu hiyo daraja likisombwa lina manufaa kuliko likitunzwa, kwani hutoa picha mara mbili: siku ya pole na siku ya uzinduzi.

Mto Songwe unastahili aya yake. Ndio mpaka wetu na Malawi, nao ni mpaka usiotulia: ukifurika hukata kona mpya, na shamba lililolala Tanzania huamkia ng'ambo. Upembuzi wa namna ya kuutuliza ulifanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000, usanifu ukaja muongo uliofuata, na Mei 2017 nchi hizi mbili zikatia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya pamoja, makao makuu yakawekwa hapa Kyela. Kwenye makaratasi kuna bwawa la kuzalisha megawati 180.2, skimu za umwagiliaji pande zote mbili, na kingo za kuuzuia mto usihame. Makaratasi hayo ni mazuri na hayajawahi kupata unyevu. Wakati huohuo mchanga unaoshushwa na mito kutoka milimani umeijaza Bandari ya Itungi mpaka shughuli zikahamishiwa Kiwira. Milima ile ina wakulima wanaohitaji msaada wa kuzuia mmomonyoko, lakini mmomonyoko ni kazi ya miaka ishirini. Kuhamisha bandari ni kazi ya miaka michache, basi tukahamisha bandari.

Mtasema hiyo ndiyo gharama ya demokrasia, kwamba mwanasiasa hufikiri miaka mitano kwa sababu mpiga kura anamsubiri mlangoni. Hoja hiyo ina nguvu katika nchi ambazo chama huingia na kutoka, kila kimoja kikibomoa kilichojengwa na kingine. Hapa kwetu sijui inaingilia wapi. Chama kinachotawala kimekuwa madarakani tangu kizaliwe 1977, na wazazi wake walianza mapema zaidi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 kilitangazwa kutwaa zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Oktoba 2025 mgombea wake wa urais alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, katika uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwamo. Mtu mwenye uhakika wa namna hiyo anaweza kupanda mwembe na akangoja embe. Anaweza hata kupanda mvule. Asipopanda chochote isipokuwa mchicha, tusimsingizie mpiga kura, ambaye kwa hesabu hizo hamtishi mtu.

Anayetisha ni mkeka. Sisemi mkeka wa ukindu unaosukwa huku, nasema ule wa karatasi unaotoka usiku ukiwa na majina ya walioteuliwa, waliohamishwa na waliotenguliwa. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri: hakuna hata mmoja ambaye sisi tunaweza kumwajiri au kumfukuza, na hakuna hata mmoja anayejua kama atakuwapo kakao changa inayopandwa leo itakapozaa, ingawa ni miaka mitatu hadi mitano tu. Mwenye kiti chenye magurudumu hafikirii kuchimba msingi. Anafikiria namna ya kuonekana. Hapo ndipo udhaifu wa uongozi wetu unapovaa nguo za ushupavu: maagizo ya papo hapo, mhandisi kufokewa hadharani mbele ya kamera, "nataka kazi hii iishe ndani ya siku saba". Ni ukali mwingi, lakini agizo hilo huhama pamoja na aliyelitoa, na mhandisi anajua, ndiyo maana anaitikia kwa unyenyekevu na kusubiri mkeka ujao.

Kama ushahidi huo ni mdogo, chukueni umeme, maana Kyela ina kisa chake humo. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa na nchi ikaingia gizani. Ukame haukuwa siri. Nchi ilikuwa imeegemea maji kwa miaka mingi na kila mhandisi alijua. Hatari ilipoiva, ikaitwa dharura, na dharura ina sifa moja tamu: hairuhusu maswali. Ukafungwa mkataba wa megawati 100 na kampuni ya Richmond, mitambo ikachelewa mpaka mvua zikarudi, mkataba ukahamia Dowans, na Tanesco ikawa inadaiwa karibu shilingi milioni 152 kwa siku. Kamati teule ya Bunge iliyochunguza iliongozwa na mbunge wa Kyela wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Siku ile tulijisikia taifa lenye meno. Kisha mkataba ukavunjwa, na 2010 wasuluhishi wa kimataifa wakaamua Tanesco ilipe karibu shilingi bilioni 94. Watu waliondoka, tabia ikabaki. Kati ya 2006 na 2015 wizara ya nishati iliongozwa na mawaziri watano, na makaa ya Kiwira, jirani zetu, yaliyoahidiwa kuzalisha megawati 200, hayakuwasha hata taa moja ya mradi huo.

Mtanijibu kwa Bwawa la Julius Nyerere, nami sitalikwepa. Megawati 2,115 si mchicha. Mitambo yake yote tisa ilikamilika 2025, na asiyeshukuru ana wivu. Ila tazameni historia yake. Bonde lile lilipimwa tangu enzi za ukoloni, likapimwa tena miaka ya 1970, likalala, hadi rais mmoja alipoamua mwaka 2017 kwamba litajengwa iwe jua iwe mvua. Hoja zilizopingana naye, kuhusu mazingira, gharama na hatari ya kuegemea maji tena, zilijibiwa zaidi kwa sauti kuliko kwa takwimu. Likajengwa kwa sababu yeye alitaka, na likamaliziwa kwa sababu mrithi wake hakuliacha. Mambo ya miaka hamsini yanayongoja apatikane mtu mmoja anayeyapenda hayajapangwa. Yamebahatika. Songwe haijapata mpenzi.

Imebaki hoja ya mwisho, kwamba sisi wananchi ndio wa kwanza kuuza mbichi. Kura zetu huenda na kofia, kitenge na pilau, kisha tunalalamika. Ni kweli, na sitatafuta maneno ya kuipunguza. Lakini mkulima anayeuza njemke ana ada ya shule ya Jumatatu, ana mgonjwa, ana mwizi anayezunguka kichaka usiku. Serikali haina Jumatatu ya namna hiyo. Ina kodi, ina mikopo, ina uwezo wa kusubiri ambao hakuna kaya Kyela iliyonao, na ndiyo sababu hasa ya watu kuwa na serikali: iwasubirie wasioweza kusubiri. Isitoshe, mkulima akishauza mbichi, hasara ni yake. Serikali ikiuza mbichi, hasara ni yetu pia.

Bei ya kakao imetupa somo hivi karibuni. Machi 2024 ilivuka dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia, kwa sababu Ghana na Ivory Coast mvua ziliwapiga chenga, magonjwa yakaingia, na mikakao mizee iliyokaa bila kupandwa upya ikachoka. Huku viongozi walisimama mbele ya mizani kama vile wao ndio walioleta bei. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa imeporomoka hadi karibu nusu ya kilele chake, na mizani ikakosa wa kusimama mbele yake. Swali ambalo Tume ya mipango ingeuliza wakati wa neema, ni kiasi gani cha fedha ile kilirudi kwenye miche, vitalu na utafiti ili sisi tusije tukawa Ghana ya kesho, ndilo sijasikia likiulizwa jukwaani.

Maombi yangu, kwa hiyo, ni machache. Utekelezaji wa Dira 2050 ulipangwa kuanza Julai 2026, wakati wa kiangazi chetu. Chagueni mambo yanayozidi umri wa muhula, mkianza na Songwe, na kila moja mkabidhini mtu anayejulikana kwa jina, ambaye mkeka hauwezi kumgusa bila sababu kuandikwa na kusomwa bungeni. Fedha za barabara za wilaya zenye mvua nyingi zitoke mapema, zabuni zikiwa zimeshafunguliwa kabla ya Julai. Na kila mwaka, bango libandikwe katika kila ofisi ya kata likionyesha kilichoahidiwa miaka mitano iliyopita kando ya kilichopo. Hata la Ngonga likiwa dogo, tutalisoma.



Mwananchi, Ngonga.

Nakala: Mto Songwe, kwa taarifa.