Barua ya Wazi kwa Wagawa Nyota

Kwa Waheshimiwa mnaozipa hoteli nyota,

Nawaandikia kutoka Kinindo, hapa Bujumbura. Barua naipeleka katikati ya mji, nakala Gitega, kwani tangu itangazwe mwaka 2018 kwamba makao makuu ya kisiasa yanahamia huko, sisi huku hatujui tena nyota zinawakia upande gani.

Juzi nilimpeleka mke wangu tukalale usiku mmoja katika hoteli ambayo jina nalihifadhi. Mlangoni wameandika kwamba ni ya kifahari na ya kihistoria. Tulikwenda kwa miguu, petroli ikiwa imeadimika kama ada yake. Chumbani bomba likakohoa, kisha likanyamaza. Nikashuka mapokezi. "Mzee, hii ni hoteli ya kihistoria," nikajibiwa kwa heshima zote. Lifti je? Historia. Godoro lenye bonde katikati? Historia pia, tena ya kabla ya uhuru. Kitu kipya nilichokiona ni kimoja tu: bei.

Basi nikauliza, historia gani hiyo? Kijana akatabasamu: "Wabelgiji walilala hapa."

Waheshimiwa, mji huu una usiku mmoja wa hoteli unaojulikana hata na watoto wa shule. Tarehe 13 Oktoba 1961, katika Hoteli Tanganyika kando ya ziwa, Louis Rwagasore, mwana wa mfalme, Mwami Mwambutsa, na waziri mkuu wa Burundi mwenye umri wa miaka 29, alipigwa risasi akiwa mezani. Mwezi mmoja kabla, chama chake cha UPRONA kilikuwa kimezoa viti 58 kati ya 64. Kumbe katika daftari la wageni, Mbelgiji aliyekoroma ndiye historia. Mwenyeji ambaye hakumaliza chakula chake ni bili iliyobaki.

Sasa, ikiwa uchakavu ndio kipimo, naomba nyumba yangu nayo iorodheshwe. Maji yetu hutoka saa nane za usiku. Chakula huliwa kwa mshumaa. Ziwa huonekana vizuri, ukipanda juu ya tangi. Viboko hupita barabarani usiku bila kiingilio. Na mgeni akitaka kujua yaliyotokea mjini hapa, namketisha, namkaangia ndagala, namsimulia mpaka mshumaa uishe.

Nyota tano sizidai. Nipeni moja tu, ile mtakayoing'oa pale nilipolala.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Kinindo