Saba Hadi Moja: Kupata Marafiki Montreal

Mdogo wangu, hongera kwa kupata chuo Montreal. Watu wa kukutana nao hawatakosekana: mji una vyuo vikuu vinne vikubwa, viwili vya Kifaransa na viwili vya Kiingereza, na wanafunzi wanatoka kila pembe ya dunia. Kazi ni kuwafanya wakujue jina. Dawa ninayoiamini ni moja tu: rudi palepale, saa ileile, mpaka siku usipoonekana mtu aulize uko wapi. Haya, tuhesabu kushuka, tukianza na jambo jepesi.

7. Nunua koti kwanza, urafiki baadaye

Januari kipimajoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Najua, umekulia Makete na baridi unaiita shemeji. Shemeji huyu ni wa ukoo mwingine! Ingia maduka ya mitumba kama Renaissance. Kuchambua mtumba hakuna atakayekufundisha. Kwenye koti unaweza kubana matumizi, kwenye buti usibane. Theluji ikiyeyuka huchanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani, na tope lile hupenya kiatu dhaifu kabla hujafika kituo cha basi. Asiye na buti hujifungia chumbani Desemba hadi Machi, na marafiki hawaoti chini ya kitanda.

6. Panda metro bila kuwa na safari

Treni hizi za chini ya ardhi zilianza mwaka 1966, zinatembea kwa matairi ya mpira, na vituo vyake vilibuniwa na wasanifu mbalimbali, kwa hiyo hakuna kinachofanana na kingine. Anza na Champ-de-Mars mchana wenye jua: vioo vya rangi vya msanii Marcelle Ferron humwaga nyekundu, buluu na kijani mpaka sakafuni. Kisha kila Jumamosi chagua kituo usichokijua, ibuka juu, tembea. Mwombe mwanadarasa mmoja akusindikize. Kumwambia mtu "twende tukapotee pamoja" ni rahisi kuliko kumwambia "naomba uwe rafiki yangu", na nauli ni ileile.

5. Shikilia Kifaransa chako

Ukifungua mdomo dukani na lafudhi yako ya Makete, muuzaji atahamia Kiingereza kwa nia njema. Wewe endelea na Kifaransa, tena ukitabasamu. Atarudi. Watu wa jimbo hili la Quebec wameipigania lugha yao kwa jasho; sheria ya mwaka 1977 ndiyo iliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kawaida ya kazi, shule na biashara. Wakiona mgeni anahangaika nacho kwa hiari, wanalainika mara moja.

Maktaba nyingi za mitaa zina vikundi vya mazungumzo, bure kabisa. Jiandikishe kimoja na usikose hata wiki moja. Na usishtuke ukimsikia mwanafunzi akimsemesha profesa kama mwenzake wa kijiweni. Huko ndivyo heshima yao ilivyo. Shikamoo yako itunze, utaihitaji namba mbili.

4. Gombaneni kuhusu mkate

Mtaa wa Mile End una viwanda viwili vya bagel, mkate wa duara wenye tundu katikati: Fairmount, ambayo asili yake ni mwaka 1919, na St-Viateur ya mwaka 1957. Unga unakandwa, unachemshwa kwenye maji ya asali, kisha unaingia tanuri la kuni. Simama karibu na kaunta uangalie: mwokaji anasukuma ubao mrefu mwembamba hadi ndani ya moto, anaugeuza, anauvuta ukiwa umejaa mikate yenye ufuta, anaimwaga kwenye sinia. Unapewa ikiwa bado inaunguza vidole. Sasa muulize yeyote aliye kwenye foleni, ipi bora kati ya hizi mbili? Ni Simba na Yanga. Chagua upande mapema na uutetee kwa nguvu zote. Asiye na upande hana wa kubishana naye, na asiyebishana haalikwi.

3. Ngoma ya Jumapili

Hapa ndipo roho yangu ilipo. Majira ya joto yakifika, kila Jumapili mchana watu hukusanyika na ngoma zao chini ya mlima ulio mjini hapo, penye mnara wa George-Étienne Cartier. Desturi hii ina umri wa miongo kadhaa. Hakuna kiingilio, hakuna mshereheshaji, hakuna anayekuuliza umetoka wapi mpaka amalize kucheza. Mwingine anapiga djembe, mwingine ndoo. Wewe uliyekulia kwenye vigodoro, utasimama pembeni mpaka lini?

Ukichoka, panda mlima wenyewe. Bustani yake ilibuniwa na Frederick Law Olmsted, aliyeshiriki kubuni pia Central Park ya New York, na ilifunguliwa mwaka 1876. Mlima una mita 233, na majengo ya katikati ya mji hayaruhusiwi kuupita kwa kimo. Mji unaoheshimu wakubwa namna hiyo utakufaa.

2. Watafute wenye Kiswahili

Warundi na Wakongo wako wengi Montreal, na wengi wao wana Kiswahili na Kifaransa mdomoni kwa wakati mmoja. Mtu wa Bukavu atakuambia Kiswahili chako ni cha vitabuni. Mtu wa Buyenzi, Bujumbura, atakucheka kwa upole kisha akukaribishe kisamvu. Kubali vyote viwili. Hao ndio watakaokueleza kodi ya nyumba, kliniki na kazi za muda kwa lugha unayoielewa usiku ukiwa na homa. Lakini wakikualika, mlete na yule mwenzako wa Jumamosi za metro. Sahani ya pamoja inatosha watu wa kila lugha.

1. Beba friji la mtu

Mikataba mingi ya nyumba Quebec huisha Juni 30, kwa hiyo Julai mosi nusu ya mtaa unauona barabarani na magodoro. Desturi ya zamani ilikuwa mwezi Mei. Miaka ya 1970 ikasogezwa ili watoto wasihame shule katikati ya muhula. Nyumba nyingi za ghorofa tatu zina ngazi za chuma nje, nyembamba, zilizojipinda. Sofa halikati kona ile bila watu wanne na mabishano. Jitolee! Malipo ni pizza, mnakula mmekaa juu ya maboksi, na jasho limeshamaliza haya zote. Uliyebeba naye godoro leo atakubebea lako mwakani, na katikati hapo atakupigia simu kwa mambo mengine mengi.

Vaa glovu za kazi. Friji la ghorofa ya tatu lishuke kwanza, mikono ikiwa bado na nguvu. Vitabu na masufuria baada ya pizza.